Kasha moja: vioo, filamu inayonuka siki, albamu na medali. Kipi kishughulikiwe kwanza?

Mtunza_Rafu

Wakuu, salamu. Hifadhi ya nyaraka ya serikali imepokea mzigo kutoka ofisi ya umma iliyofungwa. Kuna vioo vya negativu takriban 300, vya sentimita 13 kwa 18, vimesimamishwa kwenye kasha la mbao lenye mifereji. Kuna shiti za filamu nyeusi na nyeupe zipatazo 1,100, za inchi 4 kwa 5, kila moja ndani ya bahasha ya kaki. Halafu albamu mbili za zile kurasa zenye gundi na plastiki juu, bendera ya kitambaa, na bati lenye medali na mihuri ya madini ya risasi. Boksi la filamu likifunguliwa, harufu ya siki inajaa chumbani. Chumba kina nyuzi 22 za Selsiasi na unyevu hewani unacheza kati ya asilimia 50 na 65. Skana ni moja, ya bapa, yenye taa ya kupitisha kwenye filamu.

Mpango uliopo mezani ni kuskani kila kitu, kuanzia vioo kwa kuwa ndivyo vikongwe. Mpango huo una kasoro gani? Na bahasha za aina gani ziagizwe?

Jelatini

Mkuu, kasoro kubwa ni kupanga foleni kwa umri. Kioo kikavu cha jelatini (jelatini ni tabaka linalobeba picha) kilichokaa salama kwenye mfereji wake kitakusubiri. Filamu ya asetati (aina ya plastiki), yaani hiyo inayonuka siki, haisubiri. Kitako chake cha plastiki kinavunjika na kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hiyo inaharakisha uvunjikaji. Ikifika kiwango fulani mchakato unajiendesha wenyewe na kasi inapanda ghafla. Kwa nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, filamu mpya ya asetati huchukua kama miaka 40 kufika hapo. Zako kwa harufu hiyo, nyingi zimeshapita.

Usitegemee pua kupima. Nunua vipande vya karatasi vya A-D (vya kugundua asidi), vilivyobuniwa na Image Permanence Institute. Unaweka kimoja ndani ya bahasha au boksi kwa saa 24 katika joto la chumba, kisha unalinganisha rangi na penseli inayokuja navyo. Buluu ni 0, filamu iko salama. Inapoelekea kijani ni 1, na 3 ni njano. Kwenye 1.5 ndipo mchakato unapoanza kujiendesha. Zote zilizofika 2 au zaidi ziende baridini, yaani kwenye friza, kwanza, kuskani baadaye. Huhitaji kupima shiti zote 1,100: pima moja katika kila kumi, halafu rudi kwenye vifungu ambavyo kipande chake kilibadilika rangi.

Dalili za macho ni hizi: shiti inajikunja, inakuwa ngumu na kukatika, madoa ya buluu au waridi yanajitokeza (ni rangi za kiwandani zilizokuwa zimefifishwa wakati wa kusafisha filamu), na mwisho mikunjo kama mishipa. Mikunjo hiyo hutokea kwa sababu kitako kinasinyaa lakini jelatini haisinyai, kwa hiyo inaachia na kujipinda. Ikifika hapo skana ya bapa haitakupa picha safi, na kuibandua jelatini ni kazi ya mtaalamu wa uhifadhi peke yake. Ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Fundi_Negativu

Kabla ya friza, hakikisha hakuna naitreti humo, yaani filamu ya zamani inayoshika moto kwa urahisi. Wengi wakishasikia siki huamini boksi zima ni asetati, na shiti 1,100 zilizokusanywa miaka mingi mara nyingi ni mchanganyiko. Kodak iliendelea kutengeneza filamu ya naitreti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Angalia kingo kwa kioo cha kukuzia. Neno NITRATE au SAFETY likiwepo limekusaidia, ila kumbuka negativu ya nakala inaweza kuwa imenakili hata maandishi ya kingo za filamu ya kwanza. Maandishi ya asili ni meusi kwenye kingo angavu. Yaliyonakiliwa hutoka kinyume, angavu juu ya weusi. Kisha tazama vijikato vya pembeni. Kwenye shiti za Kodak za kabla ya 1949, kijikato cha kwanza kutoka ukingoni kikiwa na umbo la V ni naitreti, kikiwa U ni asetati. Poliesta, aina ya tatu ya plastiki ya filamu, unaijua kwa kuiweka kati ya vioo viwili vya polaraizi (vichujio vya mwanga) vilivyopishana: inatoa rangi za upinde wa mvua, asetati na naitreti hazitoi.

Kile kipimo cha kukata kipande na kukiwasha moto kiacheni kabisa. Naitreti hutengeneza oksijeni yake yenyewe inapoungua, maji na blanketi haviizimi, na moshi wake una gesi za naitrojeni zinazoua. Mwaka 1929 filamu za eksirei ziliungua katika hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, na watu zaidi ya 120 walikufa, wengi kwa moshi tu. Naitreti iliyooza inaweza kujiwasha yenyewe ikikaa kwenye joto la karibu nyuzi 41 kwa muda mrefu.

Zikipatikana, zitengwe chumba kingine, kwenye bahasha za karatasi na boksi lisilofungwa kwa kubana, maana gesi zikinaswa ndani zinaharakisha kuoza. Idara ya zimamoto ijulishwe kabla ya kuamua friza au kusafirisha, kwani sheria za usafirishaji zinazihesabu kama mzigo wa hatari. Zilizokwisha kunata, kutoka povu la kahawia au kugeuka unga haziskaniwi, zinakabidhiwa kwa wanaoteketeza taka hatari.

Jelatini

Sawa kabisa. Nikimalizia friza kwa upande wa asetati: weka bahasha ndani ya boksi la kadi, boksi ndani ya mfuko mzito wa poliethilini, toa hewa, funga, kisha mfuko wa pili juu yake. Kati ya mifuko miwili weka kadi ya kuonyesha unyevu na kadibodi kavu. Kadibodi ikae siku kadhaa kwenye chumba cha unyevu wa asilimia 30 hadi 40 kabla ya kutumika, la sivyo unafungia maji ndani. Kadi ikionyesha unyevu umepanda, fungua na ubadilishe kadibodi.

Kosa linaloharibu kuliko friza yenyewe ni kufungua mfuko ukiwa bado wa baridi. Umande unatua juu ya jelatini, inavimba na kunata kwenye bahasha. Mfuko utoke na ukae saa 24 umefungwa, ndipo ufunguliwe. Kwa hiyo panga mapema ni boksi lipi litaskaniwa wiki gani, kukatika kwa umeme kusikupangie wewe.

Vioo HAVIENDI friza. Kioo na jelatini vinasinyaa tofauti, na tabaka la picha linabanduka kingoni.

KasoroPicha

Kuhusu bahasha, hapa watu hubishana bila sababu. Kinachohitajika ni karatasi iliyofaulu kipimo cha PAT cha kiwango cha kimataifa ISO 18916, ambacho huonyesha kama karatasi inafifisha fedha ya picha au kuipaka doa. Lebo ya "haina asidi" haitoshi, maana karatasi inaweza kukosa asidi na bado ikawa na salfa. Kwa asetati na naitreti chagua yenye kalsiamu kaboneti ndani yake, inasaidia kunywa asidi. Kwa picha za buluu za sainotaipu chagua isiyo na kalsiamu, kwa sababu alkali inaifuta rangi. Plastiki iwe poliesta isiyopakwa kitu, polipropilini au poliethilini. PVC (plastiki ya vinaili) hapana, hata kwa wiki moja. Na ile karatasi laini inayopitisha mwanga, inayotumika sana kwenye bahasha za zamani za studio, ina asidi na inanata ikipata unyevu.

Bahasha za kaki zitoke, lakini zisitupwe hadi maandishi yote yanakiliwe. Mara nyingi jina, tarehe na namba ya kazi vipo kwenye bahasha pekee. Andika namba kwenye bahasha mpya kwa penseli laini kabla ya kutia filamu ndani. Ukiandika baadaye, shinikizo la penseli linaacha alama kwenye jelatini.

Vioo: bahasha ya mikunjo minne, isiyo na mshono wa gundi. Usikitelezeshe kioo ndani, kilaze katikati ukunje pande nne juu yake. Visimame kwa ukingo mrefu, vitengwe kwa kadibodi kila vitano hivi, na boksi lisizidi uzito ambao mtu mmoja anaubeba bila kuyumba. Vilivyovunjika vilale bapa, vipande visigusane, katika kitanda cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo lake. Kasha la mbao usilitumie tena. Mbao nyingi, mwaloni hasa, hutoa asidi ya siki.

Kabla ya kufuta vumbi, jua kama tabaka la picha ni kolodioni au jelatini. Kolodioni ilianza kutumika mwaka 1851 na ilimwagwa kwa mkono: kingo hazilingani, kona moja mara nyingi tupu, rangi ni ya maziwa au kahawia. Kioo cha jelatini kilipakwa kiwandani, ni cheusi na sawasawa hadi ukingoni. Pombe inayeyusha kolodioni na vanishi yake, maji yanavimbisha jelatini. Upande wa picha ni pampu ya mpira ya kupulizia na brashi laini, basi. Glovu za pamba ziacheni: zinateleza kwenye kioo na nyuzi zake zinashika kingo zilizoinuka. Glovu za naitrili (mpira wa kutengenezwa) zinafaa.

Mtunza_Rafu

Nashukuru sana wakuu. Swali la nyongeza: tukitenganisha filamu, vioo, albamu na vitu vingine, mpangilio wa asili wa ofisi ile si tutauvuruga? Na zile albamu zenye gundi zivunjwe?

Daftari_la_Usajili

Mpangilio unalindwa kwenye rekodi, sio lazima kwenye rafu. Kabla ya kuhamisha chochote, piga picha kila boksi kwa juu likiwa lilivyo, kipe kila kitu namba kulingana na boksi na nafasi yake, kisha pale kilipotoka weka karatasi ya uhamisho yenye namba, maelezo mafupi na rafu mpya. Mzigo wote ubaki chini ya jina la ofisi iliyouzalisha. Ukiupanga upya kwa mada, "majengo", "viongozi", "sherehe", umefuta ushahidi wa nani alimtuma mpiga picha na kwa kazi gani.

Maandishi ya asili yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na makosa na hata lugha ya dharau. Unachoongeza wewe kiwe ndani ya mabano ya mraba. Tarehe zipimwe kwa malighafi: picha inayodaiwa kuwa ya 1885 ikiwa kwenye filamu ya asetati, ambayo haikuwepo wakati huo, hiyo ni nakala, na uandike hivyo.

Albamu: skani kurasa nzima kwanza, pamoja na plastiki ikigoma kutoka. Picha zinazotoka zenyewe zitoe. Zilizoshika, pitisha uzi wa meno usio na nta wala ladha nyuma ya picha, polepole kwa kusogeza huku na huku. Ikigoma, iache. Maji na joto visikaribie.

Bati lile lihamishwe leo, sio kesho. Mvuke wa siki kutoka kwenye filamu hula risasi na kuigeuza unga mweupe wenye sumu. Mihuri iwe kwenye boksi la polipropilini mbali na filamu, mbao na kadi yoyote yenye asidi, na ishikwe kwa naitrili. Medali zitoke kwenye mifuko ya PVC kama zipo, ule utelezi wa kijani kwenye shaba unatoka huko. Usizing'arishe. Bendera izungushwe, isikunjwe, kwenye bomba la kipenyo cha walau sentimita 10 lililofunikwa poliesta.

Fundi_Negativu

Hesabu ya diski msiisahau. Kioo cha 13 kwa 18 kwa ppi (nukta kwa inchi) 800, kijivu cha biti 16, ni karibu MB 46. Vioo 300 ni GB 14. Shiti ya 4 kwa 5 kwa ppi 1,200 ni karibu MB 58. 1,100 ni GB 63. Nakala tatu, moja ikiwa jengo jingine, ni kama GB 231, kabla ya albamu. Faili ziwe TIFF (aina ya faili ya picha) isiyobanwa, kunoa kwa kompyuta kuzimwe, na alama ya ukaguzi ya kila faili (checksum, inayoonyesha kama faili imebadilika) itengenezwe siku hiyo hiyo, kabla faili haijahamishwa popote. Mkiitengeneza baada ya kunakili, mnathibitisha tu kwamba nakala mbovu haijabadilika.