Mjadala: Utafiti wa dripu za watoto, wazazi wa Tabora waambiwe au yabaki ya wataalamu?

TABIBU WA UYUI

Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo ambalo wodini tunalizungumza chini chini, na mimi naona sasa lizungumzwe sokoni.

Hapa kwetu mtoto asipotundikiwa dripu, ndugu wanahesabu kwamba hajatibiwa. Mama anafika na mtoto anawaka homa, viganja vya baridi, anapumua mbiombio. Hujamaliza hata kumpima, shangazi mtu ameshauliza, "Kwani maji hamna?" Ukieleza kwamba huyu hatakiwi maji ya haraka, wanambeba mtoto wao, wanaenda kwingine ambako chupa itafunguliwa mpaka mwisho na roho zao zitatulia.

Sasa, swali hili lilishafanyiwa utafiti. Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Imperial College London ambaye amefanya kazi miaka mingi Kilifi, Kenya, aliongoza jaribio lililoitwa FEAST. Hospitali zilikuwa sita: nne Uganda, moja Kilifi, na moja ya nyumbani, Teule ya Muheza kule Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki sawasawa waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi haraka, la pili albumini (majimaji yenye protini ya damu) haraka, la tatu likapewa dripu ya polepole tu. Dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni na damu kwa waliohitaji, vyote vilitolewa kwa makundi yote.

Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya kundi la albumini, 10.5 ya maji ya chumvi, na 7.3 ya wale wa polepole. Yaani katika kila watoto mia waliokimbiziwa maji, watatu zaidi walikufa. Ilipangwa wafike watoto 3,600, lakini Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ilishauri wasiingizwe wengine. Matokeo yakatoka mwaka huohuo kwenye jarida la tiba, New England Journal of Medicine.

Tangu hapo wasomi wameinukuu makala hiyo hadi basi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtoto ambaye mzunguko wake wa damu umeyumba lakini hajafikia mshtuko kamili wa mwili (shock) asikimbiziwe maji. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali ya damu kwa watoto ukasema hospitali isiyo na chumba cha uangalizi maalumu isimmiminie maji mtoto ambaye presha yake haijashuka. Hizo ndizo hospitali zetu nyingi.

Hoja yangu: mzazi wa Tabora hajaambiwa hata sentensi moja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha mkoa wetu una malaria asilimia 23 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ni 8. Kama kuna watu inawahusu habari hii, ni sisi. Ibandikwe kliniki, isomwe redioni, kwa Kiswahili. Nawasilisha.

NESI ZAMU YA USIKU

Kaka Tabibu, nia yako njema, ila tangazo lako litatuulia watoto.

Umeruka jambo. FEAST haikuchukua watoto wa kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali. Chukua vitanda viwili vilivyopakana. Cha kwanza kuna mtoto wa mwaka na nusu, kilo 10, ameharisha siku mbili, macho yamedidimia, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Huyo nampa mililita 300 katika nusu saa ya kwanza, na kwa mpira wa matone 20 kwa mililita ni matone 200 kwa dakika. Hayahesabiki, unafungua tu. Cha pili kuna mwenzake wa kilo hizohizo, ana malaria kali. Dripu ya polepole kama ile ya FEAST ni mililita 25 hadi 40 kwa saa. Hapo ni matone 13 kwa dakika, tena nikichukua kiwango cha juu.

Mama wa kitanda cha pili anaona nini? Anaona upendeleo. Na siku ukibandika kwamba dripu ya haraka inaua, mama wa kitanda cha kwanza atanizuia mkono kabla sijapata mshipa. Nitakuwa naeleza tofauti za makundi ya utafiti saa nane usiku, peke yangu wodini? Mambo haya yabaki kwetu.

MZEE WA GONGONI

Mimi si mtu wa tiba, naomba kuuliza. Hao watatu zaidi katika kila mia ni watoto wa nani? Ni wa kwetu. Profesa amepata jina, chuo chake kimepata sifa, sisi tumepata makaburi. Wazazi wao waliulizwa? Kwa nini jaribio kama hilo halikufanyiwa kwao London?

MWANAFUNZI WA TIBA

Shikamoo Mzee. Swali lako si dogo, na hata wataalamu wamelumbana juu yake.

Kuhusu ruhusa: mtoto alikuwa akifika katika hali ya kufa na kupona, kwa hiyo mzazi aliombwa kibali cha mdomo kwanza, sahihi baadaye akishatulia. Kamati za maadili ziliridhia utaratibu huo. Kama ulitosha, hapo nakuachia.

Kuhusu London: kule maji ya haraka yalikuwa tayari ndiyo tiba inayosisitizwa, wakati hospitali nyingi za huku hazikuwa na mazoea ya kumpa kila mtoto. Watu wengi walitarajia waliomiminiwa ndio watapona zaidi. Ikawa kinyume. Kwa hiyo wale waliodhaniwa wamepunjwa ndio waliosalimika.

Madaktari wa nchi tajiri hawakumeza kirahisi. Walisema watoto wa FEAST ni wa aina yake: asilimia 57 walikuwa na malaria, karibu theluthi walikuwa na upungufu mkali wa damu, yaani himoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita, na mashine za kupumulia hakuna. Mimi hoja hiyo naiona inawahusu wao kuliko sisi. Ukieleza hivyo umeelezea wodi yoyote ya Tabora mwezi wa nne. Halafu mwaka 2013 kikundi hicho cha Maitland kilichambua namna watoto walivyofariki, kikakuta vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na moyo na mishipa kushindwa ghafla, si mapafu kujaa maji kama wengi tulivyodhani. Zambia nao walipojaribu kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini, matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa asilimia 48 ya vifo kwa waliofuata utaratibu wa maji mengi, na 33 kwa waliotibiwa kawaida.

Ndiyo maana makala hiyo inanukuliwa. Iliwalazimisha watu kupima kitu walichokuwa wakikifanya kwa imani.

MAMA WAWILI WA IPULI

Dada Nesi, nakuheshimu, wanangu wote wawili wamepita mikononi mwa watu kama wewe. Lakini unasema mama wa Tabora hawezi kutofautisha kuharisha na homa? Mwanao akiharisha, nani anayefua?

Tuliambiwa zamani si kila homa ni malaria, mtoto apimwe kwanza. Tulibisha, tukawaita wahudumu wabahili wa dawa. Leo ukinipa dawa bila kumtoboa kidole mwanangu, nakuuliza mimi. ORS na zinki nani alitufundisha? Hukohuko kliniki, kwenye benchi, mtoto mgongoni. Kinachotufanya tuhame hospitali usiku ni kujibiwa mkato. "Hahitaji maji," basi, nesi kageuka kaondoka. Ningeambiwa kwamba watoto wenye hali ya mwanangu walipimwa mpaka Tanga na wa polepole ndio waliopona zaidi, ningekaa nihesabu hayo matone 13 mwenyewe.

TABIBU WA UYUI

Mama Wawili umenisaidia. Niongeze jambo linalonikera.

Muheza hiyohiyo ilikuwamo kwenye utafiti mwingine mkubwa, AQUAMAT wa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, dawa ya kwinini ikishindanishwa na sindano ya artesunati. Vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa artesunati. Habari hiyo ilitufikia. Vilikuja vichupa, mabango, semina zenye chai na posho. Ya FEAST haikuja hivyo, na tazama idadi: tofauti ya vifo haikuwa ndogo kuliko ile. Ila artesunati ina mtengenezaji na msambazaji. Kutofungua dripu nani atakuuzia? Ujumbe wa "acha kufanya" hauna gari la kuuleta Tabora, kwa hiyo unabaki kwenye majarida, watu wanahesabu umenukuliwa mara ngapi.

Mzee wangu wa Gongoni, ndiyo maana nang'ang'ania. Kama watoto wa Muheza walilipia jibu hili, basi jibu ni mali ya wazazi.

Nesi, nimeandika rasimu. Ikosoe:

"Mtoto mwenye homa kali si lazima apewe dripu ya haraka, kwa wengi wao dripu ya haraka imeonekana kuongeza vifo. Mtoto anayeharisha na kukauka anahitaji maji, na huenda akapewa kwa haraka. Muulize mhudumu mwanao yuko upande gani."

NESI ZAMU YA USIKU

Sentensi ya pili ikae ya kwanza. Mtu husoma mstari mmoja, mtoto akalia, akaondoka.

"Kwa wengi wao" ondoa. Walioshiriki walikuwa wamezidiwa na wana dalili za mzunguko mbaya wa damu, si kila mwenye homa. Na umemsahau yule wa tatu, anayeharisha na ana homa na viganja vyeupe kwa pamoja. Huyo yuko upande gani, Kaka? Ndio wengi masika. Mimi mwenyewe huwa naita daktari.

Redioni bado nakataa. Redio haiulizwi swali. Kwenye benchi la kliniki, mhudumu akiwepo wa kujibu, nakubali tujaribu, na kwa wenzetu wa Nzega na Igunga ujumbe uelezwe kwa Kisukuma pia. Lakini bango la kubandikwa ukutani bila mtu pembeni, jina langu usiliweke.

MZEE WA GONGONI

Na Muheza, wale wazazi wenyewe, kuna aliyerudi kuwaambia?