Naomba ushauri: pikapu na tela la kufunga kwa kazi ya mizigo Mwanza

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Nyakato, nina pikapu ya dizeli niliyoachiwa na mzee, na fundi ananichomelea tela la bati lililofungwa pande zote. Nataka kubeba mizigo ya watu.

Kinachoninyima usingizi ni dagaa. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mzigo haukosekani, na mvua ikishuka tela langu litaishinda kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) yenye turubai. Lakini harufu! Nikishusha dagaa leo, kesho nani atanipa makochi yake nimhamishie Buswelu? Shemeji anasema nioshe kwa sabuni na ndimu, mtu ambaye hata sufuria ya dagaa hajawahi kuosha. Kuna aliyechanganya kazi hizo mbili akafanikiwa, au nichague moja?

Halafu vilima vyetu hivi. Nikipanda Bugando na tela limejaa, klachi itanivumilia? Tela liwe na breki zake?

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema na Geita zimekuwa karibu. Mnatoza kwa kilomita au kwa mapatano? Na kurudi tupu mnafidiaje?

Mwenye uzoefu wa leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na bima ya tela pia anijuze.