Mada: UNRA imerudi wizarani. Je, nani sasa anahesabu tipa?

Mwenye duka, Busia:

Ndugu zangu, naleta mada hii nikiwa na uchungu. Naomba tujadili bila matusi.

Mwishoni mwa 2024 mamlaka ya barabara za taifa hapa Uganda, UNRA, ilivunjwa na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mfuko wa Barabara nao ukaingizwa humo humo. Tuliambiwa ni kubana matumizi: mashirika yamezidi, mishahara mikubwa, kazi zinajirudia. Wapo wanaosema tumepona. Wapo wanaosema tumerudi tulikotoka, maana UNRA yenyewe iliundwa kwa sheria ya 2006 baada ya wizara kulalamikiwa kwa haya haya. Mimi nauliza jingine: pesa ikishatoka, nani anasimama barabarani kuhesabu?

Wengi mnaikumbuka barabara ya Mukono–Katosi, kilomita 74. Kampuni iliyojiita Eutaw, ikidai inatoka Marekani, ilipewa kandarasi ya shilingi bilioni 165 na kulipwa bilioni 24.7 za awali. Kampuni yenyewe ilikuwa hewa. Kesi ilifika Mahakama ya Kupambana na Rushwa, na mwaka 2018 waziri wa wakati ule akaachiwa huru, baadhi ya washtakiwa wenzake wakafungwa. Nayo tume ya Jaji Catherine Bamugemereire iliyoichunguza UNRA ilitoa ripoti 2016: kati ya trilioni 9 zilizotumika kwa miaka saba, kama trilioni 4 zilipotea. Tazameni mfuatano wake. Pesa inatoka, inaliwa, ndipo mkaguzi anakuja, kisha tume, kisha mahakama. Barabara ndiyo ya mwisho.

Mwaka juzi njia ya vumbi inayopita mbele ya duka langu ililetewa moramu, ile changarawe ya kutandaza barabarani. Kibao kikasimikwa: jina la mradi, jina la mkandarasi. Urefu hakuna, bei hakuna. Mimi nakaa dukani tangu saa kumi na mbili asubuhi, basi nikawa nachora vistari nyuma ya daftari la madeni, kila tipa kistari kimoja. Siku tisa, vistari 43. Pete za kalvati, za kupitishia maji chini ya njia, zilishushwa kumi na nne. Sita kati ya hizo zililala upande wa shule mpaka nyasi zikazifunika, watoto wakawa wanajificha ndani yake wakicheza. Nilimuuliza kijana aliyeshika karatasi za mkandarasi, zilitakiwa tipa ngapi? Akacheka. "Mama, kwani wewe ni mhandisi?" Mvua za Machi hadi Mei zilipokwisha, moramu karibu yote ilikuwa imeteremka kwenye shamba la mihogo la jirani yangu.

Pendekezo langu: kabla cheti cha malipo, karatasi inayoruhusu mkandarasi alipwe, hakijatiwa saini, orodha ya kazi na bei zake ibandikwe gombolola (ofisi ya chini ya wilaya) na kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na mkutano wa kijiji uwe na haki ya kusema hapana, kazi hii hatujaiona. Nani anapinga?

Mwanajeshi mstaafu, Bombo:

Napinga, dada yangu, ingawa uchungu wako naujua. Mwenyekiti wa LC1 akiletewa mbuzi na laki mbili, atasema kazi ameiona hata kama ilifanywa usiku. Na mkandarasi mwenye mkubwa nyuma yake hawezi kuzuiwa na mkutano wa chini ya mwembe. Jeshini ukipoteza risasi moja unaandika maelezo, na usipoeleweka unalala ndani. Watu hawa waguswe mali: nyumba, mashamba, magari, hata yaliyoandikwa kwa jina la shemeji. Kifungo peke yake hawakiogopi, wanatoka na kukuta ghorofa limeshajengwa.

Dereva wa lori, njia ya Malaba:

Jamani, mnamsema mjenzi tu. Barabara inaibiwa mara mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka gari na mzigo wake visizidi tani 56. Mimi nimesimama kwenye mzani mmoja, siutaji, mbele yangu gari limebeba mpaka tairi zimebonyea, turnboy, yaani utingo, akashuka na kitu mkononi, na gari likapita. Mimi niliyekuwa sawa nikakaa saa nne naambiwa mashine inasumbua. Lami iliyojengwa vizuri kabisa nayo inapasuka kwa mchezo huo, halafu tunasema mkandarasi alikula. Nani anamkagua mtu wa mzani?

Mhandisi mstaafu, Tororo:

Mama wa duka, heshima kwako na daftari lako. Niruhusu nikusahihishe kidogo, maana jambo hili nimelifanyia kazi maisha yangu yote.

Kwanza, kwa ulivyoieleza, njia yako haikuwa ya UNRA wala si ya wizara sasa. UNRA ilishika barabara kuu, kilomita kama 21,000. Njia yako ni ya wilaya au ya gombolola, na huko ndiko macho ni machache zaidi.

Pili, tipa 43 hazisemi kitu peke yake. Moramu ikimwagwa imejaa hewa, ikishindiliwa inapungua kama robo. Kinachopimwa ni unene. Kwa kawaida tabaka la changarawe linatakiwa libaki sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Chimba shimo dogo katikati ya njia na jingine pembeni, chukua rula ya mtoto wa shule. Hilo halihitaji digrii.

Tatu, na hapa ndipo napingana nawe hasa. Ukikipa kijiji haki ya kuzuia cheti, utaongeza hasara nyingine ambayo watu hawaioni. Cheti kikicheleweshwa, mkandarasi anadai riba, na serikali inailipa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amelilalamikia jambo hili katika taarifa zake. Ni pesa inayokwenda bila mtu kuiba, bila hata toroli moja la kokoto kushushwa. Nimeona miradi ambayo riba yake ingetosha kutengeneza daraja. Huwezi kumfunga mtu kwa hilo, ndiyo maana halizungumzwi.

Mwanafunzi, Kampala:

Shikamooni wazee. Mimi nauliza kama kujua kunasaidia. Shirika letu la ndege lilipata hasara ya bilioni 324.9 mwaka wa fedha 2022/23, na bilioni 237.8 mwaka 2023/24. Tunajua kwa sababu Mkaguzi Mkuu aliandika, na wabunge wa COSASE, kamati ya Bunge ya mashirika ya umma, wamelihoji shirika hilo. Hasara imepungua, sikatai. Lakini pengo bado tunaliziba sisi walipa kodi, wengi wetu hatujawahi kupanda ndege.

Kuhusu orodha ya bei, mama, hapahitajiki sheria mpya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa kila raia haki ya kuomba karatasi hizo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inamtengea mtoa taarifa asilimia 5 ya pesa itakayorudishwa. Sijui jirani yetu hata mmoja aliyewahi kuitumia.

Mwenye duka, Busia:

Nilikaa kimya siku tatu kwa sababu nilikwenda kupima.

Mzee mhandisi, neno "hapana" naliondoa. Riba sikuwa naijua, na sitaki kijiji kiwe sababu ya pesa kupotea. Kijiji kisizuie malipo, kijue tu. Afande, mwenyekiti mmoja ananunulika, nakubali. Ila karatasi ikibandikwa ukutani inasomwa na mwalimu, na boda boda, na mama wa mihogo, na mbuzi mmoja hawatoshi wote hao. Dereva, swali lako la mzani sina jibu lake, lifungulie mada yake na nitachangia.

Tulikwenda na mwanangu na rula yake, mbele ya kanisa ambako moramu bado ipo. Tukachimba. Katikati sentimita sita, pembeni nne. Mwanangu aliandika mwenyewe kwenye daftari. Sasa nataka kuandika hiyo barua ya siku 21. Niiandikie nani, na niombe karatasi gani kwa jina lake?

Mhandisi mstaafu, Tororo:

Sentimita sita baada ya misimu ya mvua na magari kupita, mkandarasi atajitetea kwamba changarawe imeliwa na njia, na atakuwa na haki kiasi. Kwa hiyo barua isitaje rula kwanza. Mwandikie Afisa Mkuu wa Utawala wa wilaya, CAO. Usiombe "habari za barabara", watakupa kijitabu chenye picha. Omba vitu vitatu: jedwali la kazi na bei, vyeti vyote vya malipo vilivyosainiwa, na vipimo vya unene vilivyochukuliwa siku ya kukabidhi kazi. Peleka nakala mbili, na hiyo inayobaki kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo utashindwa kuthibitisha siku 21 zilianza lini.