Waliopigana mieleka chuoni Marekani, tupeane uzoefu wa msimu: Novemba hadi Machi

MtotoWaFizi

Wakuu, habari za muda huu. Nimemaliza chuo mwaka jana na ndiyo kwanza mwili unanirudia. Nafungua uzi huu kwa sababu nikitafuta habari za mieleka ya vyuo kwa Kiswahili, nakutana na ile ya kwenye TV tu, ya kupigana viti. Na huku Iowa watoto wetu wa Kongo, Burundi na Tanzania wanaingia kwenye mchezo huu tangu shule, wazazi hawajui mtoto anakwenda kupitia nini. Naanza mimi.

Nilizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Wazazi ni wa Fizi, Kivu Kusini. Tulifika Iowa nikiwa na miaka 11. Huku mieleka inazungumzwa kama Simba na Yanga zinavyozungumzwa kule. Utamkuta bibi wa miaka 80 dukani anakuhadithia habari za Dan Gable, yule aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Munich 1972 bila kufungwa hata pointi moja, kisha akaifundisha University of Iowa hadi ikabeba ubingwa wa taifa mara 15. Mwili wangu ulikuwa mwepesi na wenye nguvu, mwalimu akaniona, basi.

Chuo changu kilikuwa kidogo, cha Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini kati ya tatu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Wazazi wajue hili mapema: Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti moja. Unapigana kwa mapenzi, ada unatafuta kwingine.

Daraja langu la uzito lilikuwa paundi 165, kama kilo 75. Madaraja yako kumi, la chini kabisa 125, la juu 285. Pambano ni dakika 7: tatu, mbili, mbili. Kumwangusha mtu sasa ni pointi 3, zamani ilikuwa 2. Ukimlaza chini ukamtawala kwa dakika nzima zaidi ya muda aliokutawala yeye, unaongezewa pointi moja mwishoni. Ukimbana mabega yote mawili kwenye mkeka, refa anapiga mkono chini, mchezo umekwisha hata kama alikuwa anakuongoza kwa pointi 10.

Lakini hizo dakika 7 si kitu. Msimu ni wiki. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uko kwenye vyuma. Darasani mpaka mchana. Saa tisa na nusu mkekani mpaka jioni, chumba kimefungwa, joto, ukuta unatiririka jasho la watu thelathini. Jumapili usiku nilikuwa na paundi 176. Ijumaa jioni mzani unataka 165.

Paundi kumi za mwanzo zinatoka kwa jasho na kula kidogo. Ile ya mwisho ndiyo inayokufundisha wewe ni nani. Alhamisi usiku nalala chali bwenini, midomo imekauka mpaka ulimi unanata, nasikia friji ya mwenzangu inanguruma na najua ndani kuna maji ya machungwa. Nachukua kipande kimoja cha barafu, nakiweka chini ya ulimi, nakisubiri kiyeyuke. Kimoja tu. Nikisimama kichwa kinazunguka. Kesho yake nina mtihani wa takwimu saa mbili.

Nawaambia vijana wazi: msifanye kama nilivyofanya mwaka wa kwanza. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walifariki ndani ya wiki kama tano, wote wakipunguza uzito. Ndiyo maana leo NCAA imepiga marufuku chumba cha mvuke na nguo za plastiki. Kabla ya msimu unapimwa mkojo kuona kama una maji ya kutosha, unapimwa mafuta mwilini, halafu unapangiwa uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa kushuka, na kwa wiki usipoteze zaidi ya asilimia 1.5. Uzito wa pambano unapimwa saa moja au mbili tu kabla ya kuanza, ili mtu asijikaushe kwa siku mbili akitegemea kunywa maji usiku kucha. Sheria hizo zimetokana na makaburi. Mimi nilitafuta mianya ya kuzizunguka na najuta.

Kilichoniuma kuliko njaa ni mama. Wiki ya Shukrani, ile sikukuu ya Marekani ya Novemba, nilirudi nyumbani siku moja. Alikuwa amepika sombe (kisamvu) kwa mawese, ndagala (dagaa), ugali wa muhogo. Nikala matonge mawili nikanawa. Hakusema kitu. Usiku nikamsikia anamwambia baba: kambini tulipanga foleni ya posho mtoto huyu akilia njaa, leo chakula kimejaa anakikataa.

Karibuni.

Binti_Changamwe

Asante kaka kwa kuanza. Mimi ni wa Mombasa, nimesomea Minnesota. Wanawake tunapigana mtindo huru, ule wa Olimpiki, vipindi viwili vya dakika tatu tatu. Nilikuwa paundi 124. Wakati naanza, mieleka ya wanawake haikuwa hata na ubingwa rasmi wa NCAA. Mwaka 2025 ndipo ulipopitishwa, na wa kwanza ukapangwa 2026. Siku ile habari ilipotoka nilikuwa kazini, nimeshamaliza mchezo miaka miwili nyuma, nikaingia msalani nikalia.

Nianze na nywele kwa sababu hakuna aliyenieleza. Rasta ndefu zinashikwa, zinang'oka na ngozi, na refa anaweza kukusimamisha mpaka uzifunike. Baada ya mwezi mmoja nikapata dada mmoja Mkenya mjini, ananisuka twende kilioni, mistari midogo iliyolala kabisa, naikalisha wiki tatu. Kila Jumapili ya kusukwa nilikaa katikati ya magoti yake sebuleni, chai ya tangawizi pembeni ambayo siruhusiwi kunywa na sukari. Saa zile nne ndizo pekee za wiki nzima nilizokuwa sipimwi na mtu.

La pili, nalisema kwa ajili ya wadogo zangu. Hedhi ilinikatika Desemba, haikurudi mpaka Mei. Aliyekuwa anatuhudumia kwa majeraha chuoni kwetu aliniambia ni kawaida kwa wanamichezo. SI KAWAIDA. Maana yake mwili haupati chakula cha kutosha na umeanza kufunga ofisi zake moja moja, na mifupa nayo inapungua nguvu. Mimi nilivunjika mfupa wa mguu kwenye mazoezi ya kukimbia tu, hakuna aliyenigusa. Mwaka uliofuata nilipanda mpaka 131, nikala, na nilishinda mapambano mengi kuliko mwaka wowote. Mabinti, mwezi mmoja ukipita bila kuona siku zako, nenda kwa daktari wa kweli.

kijana_wa_faza

Assalaam alaykum. Mimi nilikuwa Ohio, daraja la 149. Msimu unaishia Machi, na miaka hii Ramadhani nayo imekuwa ikiangukia huko huko. Mwaka 2025 mfungo ulianza mwanzoni mwa Machi, na mashindano yetu ya mwisho yalikuwa mwezi ule ule.

Watu walidhani kufunga kutanisaidia kushusha uzito. Uzito ulishuka kweli, lakini kinachoshuka ni nguvu ya miguu. Ukiingia kumvuta mtu miguu yako inabaki nyuma. Nilimuuliza sheikh wetu, akanikumbusha kwamba safari ni ruhusa. Siku za kusafiri kwa mashindano nilifungua na nikalipa baadaye. Siku za mazoezi chuoni nilifunga.

Kocha msaidizi, Mkristo, mtu wa mashambani kabisa, ndiye aliyeniambia: mazoezi yako tutafanya usiku. Baada ya saa kusogezwa mbele tarehe 9, kama Marekani wanavyofanya kila Machi, Magharibi kule iliingia saa moja na nusu jioni. Nafuturu tende tatu na uji, naswali, nalala kidogo, saa tatu usiku naenda ukumbini nakuta taa moja tu inawaka na yeye amekaa mkekani ananisubiri, amevaa viatu tayari. Alikuwa ana watoto wadogo nyumbani. Usiku kumi na moja mfululizo. Sikushinda mashindano yale, nilitolewa siku ya kwanza. Lakini ule mlango uliokuwa wazi saa tatu usiku ninao mpaka leo.

Mzee_wa_benchi

Fupi tu. Kila daraja chuo kinapeleka mtu mmoja. Ukishindwa mchujo wa ndani na mwenzako wa uzito wako, msimu mzima unapunguza uzito na kuumia kama wengine, halafu siku ya pambano unakaa na suti ya timu unapiga makofi. Mimi hivyo miaka mitatu. Aliyekuwa ananishinda ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa chumba kimoja. Nilimwandaa kwa kila mpinzani, naigiza staili ya mtu wa kesho ili azoee. Akafika mashindano ya taifa. Aliposhinda pambano lake la kwanza kule alikuja kona, akanikumbatia mimi kabla ya kocha. Wapo wengi kama mimi na hawaandikwi popote, nimeona niseme.

Mama_Riziki

Wanangu, nimesoma yote na machozi yananitoka. Mwanangu yuko mwaka wa pili, mimi nafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Mara ya kwanza kwenda kumwangalia nilisimama nikapiga kelele amwachie, amwachie, nikidhani mtoto anauawa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anashinda. Damu ikitoka puani wanasimamisha saa, wanamtia pamba, wanaendelea. Sijazoea na sidhani nitazoea.

Swali langu kwako MtotoWaFizi. Huyu wangu naye anakula matonge mawili ananawa. Mama yako ulimfanyaje? Na nimpikie nini?

MtotoWaFizi

Shikamoo mama. Na asante sana kuja hapa.

Mimi nilikosea kwa kunyamaza. Nilidhani mama hataelewa, kumbe sikumpa nafasi. Mwaka wa pili, kabla ya msimu, nilimkalisha nikamwonyesha karatasi niliyopewa chuoni baada ya kupimwa: uzito wangu wa siku ile, uzito wa chini ninaoruhusiwa, na nifike lini. Akaisoma polepole kwa Kiingereza chake, akauliza swali moja: nani anahakikisha huchoki sana? Nikakosa jibu. Akasema, basi nitakuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata akanunua mzani mdogo wa jikoni. Akawa anapima ugali kabla haujafika mezani. Bakuli juu ya mzani, anarudisha namba kwenye sifuri, anakata tonge kwa mwiko, anaangalia, anaongeza kidogo, anapunguza. Sombe akapunguza mawese, akazidisha majani na maharage. Ndagala wala hakuwagusa, maana wana protini nyingi. Na ugali akaugawa: mdogo siku za katikati ya wiki, mkubwa baada ya pambano. Msimu ule sikunyonya barafu hata mara moja. Nilipanda daraja la 174, nikaacha kupigana na mzani.

Kwa hiyo mama, mwambie mwanao akuletee hiyo karatasi. Wote wanapimwa na kupangiwa. Akikuficha, mpigie kocha. Ni vizuri ujue uzito wa chini wa mtoto wako.

jr_cedarrapids

Shikamoo wakuu. Niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Cedar Rapids, Iowa, vyuo viwili vimenipigia. Nina choa mkononi, kimeanza juzi, na Jumamosi kuna mashindano. Mwenzangu anasema nikifunike na poda ya mama ya rangi ya ngozi. Pia kocha mmoja wa chuo anataka nishuke mpaka 141. Nifanyeje?

Binti_Changamwe

Mdogo wangu, usikifunike. Kabla ya uzito kupimwa wanakagua ngozi, wataona, na kama wasipoona utawaambukiza wenzako wote kupitia mkeka. Nenda kliniki leo upate dawa ya kupaka na karatasi ya daktari. Chuoni wanataka uwe umepaka angalau saa 72 kabla ya kupigana. Kikiwa kichwani, yale mapunye, ni vidonge wiki mbili. Oga mara tu unapotoka mkekani, usisubiri kufika nyumbani. Na masikio: sikio likivimba na kujaa maji, litolewe maji siku ile ile, usingoje ligande.

MtotoWaFizi

Dada amemaliza la choa. Kuhusu 141: kabla hujamjibu huyo kocha, andika hapa unapima ngapi asubuhi ukiwa umekula na kunywa vizuri wiki nzima. Usiandike unachotaka kupima. Na unakaa na nani nyumbani, nani anapika?