Kanipangusa mdomo kwa tishu mbele za watu, kisa neno "kuningas"!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si baridi ya Helsinki. Yule mjuaji wetu mnamfahamu, yule wa kofia ya manyoya hadi Julai. Simtaji. Leo kanipangusa mdomo kwa tishu. Mbele za watu! Mbele ya sambusa!

Nilisema tu kwamba kuningas, mfalme kwa Kifini, mababu wa Wafini walilitwaa kwa mababu wa Wajerumani na Waswidi, enzi hizo likiwa *kuningaz. Akaruka: "Wajerumani wana König, Waswidi kung, matambara matupu! Wafini na Waestonia wanalo zima. Mwenye shati zima ndiye mwenye shati!" Nikamwambia kaka, mwazimaji kalitunza kabatini, mwenyewe kalivaa likachakaa. Mkia ule ule wa -as uko kwenye rengas, yaani pete au tairi kwa Kifini, nalo la kuazima, ndugu wa ringi ya baiskeli yako.

Akauliza, na hicho kinyota? Nikajibu hakuna aliyelikuta limeandikwa, wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Ndipo akachomoa tishu. "Kumbe mliliota! Njoo nikupanguse udenda." Akanipangusa. Taratibu. Kushoto, kisha kulia. Na tishu ilishafuta mafuta ya sambusa!!!

Kibuyu: Udenda ulikuwepo au haukuwepo? Anzia hapo.

Mleta uzi: HAUKUWEPO.

Bi Kidude cha Redio: Mtu mzima unapanguswa kushoto, unageuza na kulia? 😂😂

Mleta uzi: Nilishika sahani mikono miwili! Ningeimwaga?

Mzee wa Kahawa: Hata "mtu" wetu ana kinyota huko kwenye Kibantu cha kale, *muntu. Kamuulize kama naye kaotwa.

Kibuyu: Mzee usimpe nguvu, atarudi kupanguswa.

Shoka Butu: Afadhali yako. Shemeji yangu nilimwambia "meza" ni Kireno, akasema basi nikale Ureno. Nimelia ugali jikoni, nimesimama.

Dada Mpole: Mnalilia maneno ya kuazima, mimi jirani kaazima jenereta tangu Idi. Nikimuuliza anasema "ipo".

Shoka Butu: Jenereta ya petroli au dizeli?

Mleta uzi: Jamani, tishu yenye MAFUTA!

Dada Mpole: Petroli. Na kamba ya kuwashia kaikata.

Mzee wa Kahawa: Kamba hiyo inabadilishwa, nina fundi. Njoo inboksi.