Picha yangu ya fundi wa Kamukunji iko kwa tangazo la mikopo, na jina waliloweka si langu

LenziYaUmoja:
Wadau habari zenu, naombeni ushauri maana toka Jumatatu sijalala vizuri. Mwaka jana nilienda Kamukunji hapa Nairobi, pale kwa mafundi wa jua kali, tukiwa kikundi cha wapiga picha, nikakaa na mzee mmoja anatengeneza masanduku ya mabati karibu asubuhi nzima, nikanywa chai yake, akanizoea mpaka akasahau kamera iko, ndio nikapata ile moja ameinua nyundo na mwanga unaingia kwa tundu la paa. Nikaiposti na jina langu pembeni. Sasa binamu yangu ananitumia linki, kampuni ya mikopo ya simu imeiweka kwa tangazo Facebook, jina langu limekatwa na chini wameandika picha ni ya jamaa mwingine mwenye tulikuwa naye siku hiyo. Nikawaandikia, wakasema dizaina wao aliitoa mtandaoni na wako tayari kunitagi. Kunitagi tu!

Lakini chenye kinaniuma zaidi ni mzee. Nilipita huko jana akaniuliza, kijana, walikulipa ngapi? Majirani wa pale washaona tangazo wanamuuliza kama amekopa. Nilikosa jibu. Nifanyeje?

Kevo254:
Bro chukua hiyo tagi, utapata wateja. Kampuni ina mawakili, wewe una kamera.

MamaStudio:
Kevo hapana, tagi hailipi rent. Mdogo wangu pole sana. Usiripoti hiyo posti kwanza! Mimi ukumbi mmoja wa harusi ulitumia picha zangu nikakimbia kuripoti kwa hasira, zikatolewa, na nilipodai pesa wakasema picha gani? Sikuwa na kitu cha kuonyesha. Piga skrinshoti ikionyesha linki yote na tarehe, angalia kama tangazo bado liko kwa maktaba ya matangazo ya Meta, wenye Facebook, weka na hiyo imeili yao ya kusema waliitoa mtandaoni, hapo wamekiri wenyewe.

KaraniMilimani:
Swali moja kabla ya yote. Kuna mtu alikutuma na kukulipa upige hizo picha? Nauliza kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa haki inahamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mliandikiana vingine. Wapiga picha wengi Nairobi hawajui hii na inawamaliza.

LenziYaUmoja:
Hakuna, nilienda na nauli yangu.

KaraniMilimani:
Basi haki ni yako toka ulipobonyeza, hata bila kusajili. Kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakusaidia kuwa na ushahidi, na hapa utauhitaji kwa sababu kuna jina la mtu mwingine. Tafuta faili za RAW, zile picha ghafi za kamera kabla ya kuhaririwa, na si hiyo moja tu, zile za kabla na baada yake, maana huyo jamaa hawezi kuwa na mfululizo wako. Kutajwa kama mwenye kazi ni haki yako kando na pesa, kwa hivyo kwa barua ya madai andika vyote viwili, warekebishe jina na walipe matumizi, na uwape siku za kujibu. Wakinyamaza tafuta wakili.

Na mzee ana kesi yake. Sura yake ni data yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikubali itumike kibiashara bila idhini yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Wewe ulimwomba ruhusa ya kuposti?

LenziYaUmoja:
Alikubali kwa mdomo nipige. Kuposti sikuuliza, na hiyo ndio inanikosesha amani.

MamaStudio:
Sasa anza na yeye. Mwombe msamaha, mwonyeshe hilo tangazo kwa simu yako aelewe hukumuuza, na umwambie anaweza kulalamika kwa Kamishna mwenyewe, wewe ukiwa shahidi wake.

LenziYaUmoja:
Asanteni sana. Nimetoa memori kadi ya siku hiyo, RAW zote ziko, kumi na nne za mzee peke yake, kwa moja anacheka akinimiminia chai. Yule jamaa nimempigia anasema hata yeye hakujua jina lake liko hapo, na amekubali kuandika hivyo. Barua nimeianza. Kesho saa mbili niko Kamukunji, nimeprinti ile ya chai nimpelekee.