Wekundu wa pampasi kwa mtoto wa miezi 5, nikipaka krimu unapona halafu unarudi

mama_kifungua_mimba
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada mwenzenu silali. Binti yangu ana miezi 5, wiki tatu nyuma alikuwa na kifua akapewa antibayotiki ya maji, kifua kikaisha ila ndo ukaanza huu wekundu. Sio ule wa kawaida jamani, unang'aa kama nyama mbichi, umeingia mpaka ndani kwenye mikunjo ya mapaja, halafu pembeni kuna vijipele vidogo vimejitenga vyenyewe. Nikimsafisha analia mpaka sauti inakata. Duka la dawa wakanipa krimu, siku ya tatu safi kabisa nikaacha, haikupita wiki umerudi na umezidi. Poda napaka kila nikimbadilisha maana joto la Dar mnalijua. Bibi yake anasema ni joto tu. Nifanyeje?

nesi_wa_kliniki
Pole sana mama. Kwa ulivyoeleza hiyo inafanana sana na fangasi, ile jamii inaitwa kandida. Mchubuko wa mkojo na haja mara nyingi unakaa pale pampasi inapogusa, makalio na juu ya mapaja, ndani ya mkunjo unakuta ngozi nzima. Fangasi wenyewe wanapenda humo humo kwenye mkunjo, na hivyo vijipele vya pembeni ndo alama yao. Na wala si uchafu wako, usijilaumu. Hao wadudu tunaishi nao kwenye ngozi, ila antibayotiki ikiua bakteria waliokuwa wanawabana wao wanapata nafasi, na unyevu wa pampasi ndo unazidi kuwasaidia.

Sasa naomba uchukue hiyo tyubu usome maandishi madogo. Kuna betamethasoni, ile steroidi ya kutuliza uvimbe na wekundu? Hizi krimu za dawa tatu kwa moja zinauzwa sana na ndo zinafanya hivyo hivyo, steroidi inazima wekundu haraka mama anafurahi anaacha, fangasi bado wapo. Tena kwenye pampasi ni kama umefunga bandeji juu, dawa inaingia zaidi na ngozi ya mtoto inakuwa nyembamba.

mama_kifungua_mimba
Nimesoma dada, ipo 😭 betamethasoni, jentamaisini na klotrimazoli.

nesi_wa_kliniki
Basi iache. Kawaida anatumia dawa ya fangasi peke yake, klotrimazoli asilimia 1, au nistatini ya kupaka, safu nyembamba mara 2 au 3 kwa siku, ngozi iwe imekauka kwanza. Ukiona pamekuwa safi usiache, endelea mpaka wiki 2 zitimie. Poda acha, anaivuta kifuani na kwenye mkunjo inageuka uji. Ila kabla ya yote mwangalie mdomoni. Funga kitambaa safi kidoleni, futa taratibu ule weupe wa ndani ya mashavu. Maziwa yanatoka, fangasi hawatoki kirahisi na ukilazimisha panabaki pekundu.

mama_watatu
Mdogo wangu mimi wa pili alinitesa hivi hivi, nikawa natibu chini tu kumbe mdomoni wapo na mimi chuchu zinachoma kama pilipili kila akinyonya nadhani ni kawaida. Tulipotibiwa wote wawili ndo ikaisha. Na kilichonisaidia ni kumwacha bila pampasi, natandika kanga mbili juu ya mpira anajichezea dakika 20 asubuhi na jioni, afue kanga nani, mimi, lakini ngozi ilipata hewa. Wetiwipes zenye manukato tupa, tumia maji ya uvuguvugu na pamba, kausha kwa kugusa gusa usisugue. Dawa ikishakauka pakaa krimu ya zinki juu yake mkojo usifike.

mama_kifungua_mimba
Nimefuta mdomoni sasa hivi, mashavu yote mawili kuna weupe na hautoki. Na chuchu la kushoto linachoma tangu wiki iliyopita sikusema kwa mtu.

nesi_wa_kliniki
Kesho asubuhi nenda naye kliniki mkaonwe wote wawili, yeye atahitaji matone ya mdomoni na wewe uangaliwe titi. Kunyonyesha usiache. Beba na hiyo tyubu waione. Ila usiku huu ukiona homa, malengelenge, usaha au anagoma kunyonya, usingoje asubuhi.

mama_kifungua_mimba
Nimerudi wapendwa, leo siku ya 6. Tumepewa nistatini ya matone na klotrimazoli, mimi pia napaka. Vijipele vya pembeni vimenywea, kwenye mkunjo bado kuna wekundu kidogo ila jana nimemsafisha hakulia kabisa, ananiangalia tu anacheka. Naendelea mpaka wiki 2 kama mlivyosema.